Maziwa ya Mkwe na Bei ya Mashudu

Mashine ya Bibi Mashine ilikuwa na kikohozi. Asubuhi ukiiwasha inakohoa, inatulia, inakohoa tena, halafu inasafisha koo na kuanza kazi kama mtu mzima aliyeamkia ubavu mbaya. Mtaa mzima uliizoea. Wenye saa hawakuzitazama tena, na siku isiposikika watu walijua ama umeme umekatika ama mwenyewe anaumwa.

Ilikuwa mashine ya kukamua alizeti. Unamimina mbegu juu mdomoni mwake. Chini, upande huu yanachuruzika mafuta, upande ule yanatoka mashudu, yale makapi makavu yenye joto, vipande vipande kama magome ya mti, yananukia mpaka unatamani kuyatafuna. Ng'ombe akiyanusa anasahau kama majani yaliwahi kuumbwa. Na kuku ndio usiseme.

Sasa sikiliza kazi ilivyokwenda pale, maana usipolijua hili, mengine yote yatakupita. Mkulima alikuja na gunia lake la alizeti. Hakuulizwa pesa. Alikamuliwa, akabeba mafuta yake yote mpaka tone la mwisho, akaenda zake. Mashudu aliyaacha. Huo ndio uliokuwa ujira wa mashine. Bibi Mashine aliyauza kwa wafugaji, na humo ndimo ulimotoka umeme, mkanda mpya, grisi, na viatu vya mjukuu. Utaratibu huo aliuanzisha marehemu mumewe, aliyependa kusema kwamba mkulima wakati wa mavuno ana kila kitu isipokuwa pesa.

Jina la Bibi Mashine alipewa na huyo mjukuu. Mtoto alikuwa na bibi wawili, na mtoto mwenye bibi wawili hana budi kuwatofautisha. Mzaa baba alikuwa na mashine, akawa Bibi Mashine. Mzaa mama alikuwa na ng'ombe, akawa Bibi Maziwa. Wazazi wa mtoto walifanya kazi mji wa mbali, kwa hiyo siku za shule alilala kwa Bibi Mashine, na mwisho wa wiki alivuka upande wa pili wa mji kwenda kunusa ng'ombe.

Mabibi hawa wawili waliheshimiana kama wakwe wanavyoheshimiana, yaani kwa taabu. Mmoja akisikia mwenzake anakuja, ua unafagiwa mara mbili. Viti vinafutwa hadi miguu. Mazungumzo ni ya afya, mvua, na mtoto, kisha yanaanza upya kwenye afya. Na mwiko mkubwa ulikuwa huu: mkwe habishani bei na mkwe. Basi bei ya mashudu Bibi Mashine aliiandika kwa chaki kwenye mlango wa banda. Bibi Maziwa akifika anasalimia, anausoma mlango kwa jicho la pembeni kama mtu anayetazama hali ya hewa, analipa, anapakia. Wala hawakuwahi kulitamka neno bei wakiwa pamoja.

Ndivyo walivyoishi, kwa amani na mgongo ulionyooka, mpaka serikali ilipoingia kati.

Kisa kilikuwa bei ya maziwa kupanda huko miji mikubwa. Watu wakalalamika, wizara ikakuna kichwa, ikaona chanzo ni chakula cha mifugo. Ikatoka amri: mashudu yasiuzwe zaidi ya bei fulani, na bei yenyewe ilikuwa kama nusu ya ile ya mlangoni. Sababu ilielezwa kwenye redio, kwa sauti tamu kabisa. Mashudu, walisema, ni mabaki. Mkamuaji ameshapata mafuta yake, kwa hiyo mashudu hayamgharimu kitu.

Bibi Mashine aliisikia habari hiyo akiwa amejipaka grisi hadi viwikoni. Akaiuliza redio: mafuta yapi? Mafuta yalikuwa yanatoka mlangoni wakati huo huo, juu ya baiskeli ya mkulima, yanaelekea kwao.

Lakini alikuwa mtu wa kutii. Alifuta mlango, akaandika bei ya serikali, akaendelea. Wafugaji walifurahi, wakaja kwa wingi. Mashine ikakohoa kwa furaha. Kisha ikaja bili ya umeme, na mkanda nao ukachagua wakati huo huo kuchanika, na Bibi Mashine akaona wazi kwamba kadiri anavyokamua ndivyo anavyofilisika. Akajaribu kumtoza mkulima mmoja pesa taslimu. Mkulima alimtazama kwa huruma, akalirudisha gunia lake kwenye baiskeli, akalipeleka kwenye kiwanda kikubwa kinachonunua mbegu kwa bei ya kutupa. Hakukasirika hata kidogo. Alimuaga vizuri, akamwombea na afya. Hapo ndipo Bibi Mashine alipojua kwamba amri ikikaa mpaka mavuno yajayo, kikohozi kile hakitasikika tena mtaani.

Alikuwa na mtoto wa kaka yake, binti aliyesomea sheria, ambaye enzi za shule alipikiwa kwa mafuta ya mashine ile ile. Siku hizi alikuwa wakili, na viatu vyake vilitangulia kusikika kabla hajafika. Alikuja, akakaa juu ya gunia, akasikiliza kisa chote.

"Shangazi, hii tuipeleke mahakamani."

"Nikaishtaki serikali? Mimi?"

"Si serikali, ni amri yake. Unaiomba mahakama iitazame kama ilitolewa kwa haki."

Bibi Mashine alifikiri akiwa anafuta mikono. Akasema yeye hana ugomvi na serikali, ana ugomvi na bei, na kama kuna mlango wa kuigombea hiyo bei peke yake, basi auonyeshwe. Wakili akamwonyesha pa kutia sahihi.

Habari ikasambaa. Wakamuaji wengine walimpongeza kwa siri na kumkwepa hadharani. Chama cha wafugaji nacho kikaomba kuingia kwenye kesi, upande wa serikali, kuitetea bei. Na mwenyekiti wa chama cha wafugaji, jamani, alikuwa nani kama si Bibi Maziwa.

Alikuja mwenyewe kumwambia, hilo tumpe. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akauliza afya, mvua na mtoto. Kisha akasema kwamba si yeye, ni chama. Bibi Mashine akajibu kwamba chama ni chama, na akamwongezea chai. Walipoagana, Bibi Maziwa akaacha kibuyu chake cha bati juu ya dirisha, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizo.

"Maziwa ya mjukuu," akasema.

Hayo maziwa sasa. Zamani yalikuwa chupa moja ndogo, mara moja moja. Lakini tangu amri ya bei itoke, kila Bibi Maziwa alipokuja kuchukua mashudu alikuja na kibuyu kizima, kimejaa hadi shingoni. Mtoto alikunywa, akanywa, mpaka akitembea tumbo linasikika. Akaanza kujificha nyuma ya magunia akiona mfuniko. Mengine yaliganda, mengine wakapewa majirani, na paka wa mtaa akanenepa akawa na sura ya mwenye nyumba.

Bibi Mashine hakuhitaji kufafanuliwa. Aliona anatukanwa. Mkwe wake amejua kwamba mashine haina faida tena, sasa anampitishia ujumbe kwa heshima zote: huwezi kumlisha mjukuu wetu, ngoja nimlishe mimi. Maneno hayo yangesemwa kwa mdomo, angeyajibu. Yalisemwa kwa maziwa, na maziwa ya mkwe huyakatai. Basi aliyapokea kwa mikono miwili huku roho inachemka, akakiosha kibuyu hadi kikang'aa. Na kwa kuwa chombo cha mkwe hakirudi kitupu, kila mara alikirudisha na mafuta kiasi cha chupa moja ndani yake. Mafuta yenyewe aliyakamua kutoka kwenye alizeti ya shamba lake dogo. Hata ukitukanwa, adabu ni adabu.

Siku ya kesi walikutana kwenye mlango wa mahakama. Wote wawili walikuwa wamevaa vizuri kuliko mawakili.

"Tangulia, mkwe."

"Hata, mkwe, wewe kwanza."

"Siwezi kukupa mgongo, mkwe."

Walishindana hivyo mpaka karani akatoka kuuliza kama kesi ianze bila wao. Wakaingia ubavu kwa ubavu, wakabanana mlangoni, kisha wakaachana: mmoja benchi la kushoto, mwingine benchi la kulia pamoja na wafugaji wenzake. Feni ya darini ilizunguka kivivu, ikipuliza hewa upande wa serikali tu.

Jaji alikuwa mama wa makamo, mwenye uso wa mtu aliyesikia kila aina ya uongo na ambaye bado hajakata tamaa ya kuusikia ukweli. Wakili wa serikali, bwana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alieleza kwamba mashudu ni mabaki, gharama yake ni sifuri, na bei imewasaidia wafugaji wengi. Wakili wa Bibi Mashine akaeleza ujira wa mashine na mkulima asiye na pesa wakati wa mavuno. Akasema wizara inayaita mabaki, shangazi yake anayaita mshahara. Benchi la kushoto likaguna kukubali. Ulikuwa mguno wa mtu mmoja, maana alikaa peke yake.

Jaji akasema viapo vya maandishi amevisoma vyote, lakini karatasi haina uso. Anataka kumsikia mfugaji mmoja. Wakili wa serikali akampandisha mwenyekiti wa chama.

Bibi Maziwa alijibu vizuri sana. Je, tangu amri itoke ananunua mashudu kwa bei ya serikali? Ananunua. Je, imemsaidia? Imemsaidia. Wakili akashukuru, akawa ameshaanza kukaa, kiti kimeshamgusa, ndipo jaji alipouliza la kwake.

Aliuliza kama mashudu yanapatikana.

Bibi Maziwa akasema wenzake wengi hawayapati siku hizi, wakamuaji wamefunga, lakini yeye anayapata kwa mkwe wake, yule pale aliyekaa. Jaji akauliza kama ni kwa bei hiyo hiyo ya serikali.

"Kwa bei ya serikali, Mheshimiwa. Na maziwa."

Wakili wa serikali akabaki katikati, hajakaa wala hajasimama.

"Maziwa gani, mama?"

"Ya kufidia, Mheshimiwa. Mimi na yule tuna mjukuu mmoja. Nitamlipaje nusu halafu nimtazame usoni? Bei sipangi mimi, na kuitaja mbele ya mkwe siwezi. Basi ile nusu iliyobaki nampelekea kwa maziwa." Alifikiri kidogo, akaona amtendee mkwe wake haki yote. "Naye ni mwaminifu sana. Kila mara hunirudishia chenji, ya mafuta."

Wewe, ungeisikia ile feni inavyozunguka. Bwana mrefu alisimama sasa, wima kabisa, miwani inaning'inia. Akasema hapo kumekucha. Mwombaji aliyekuja kuipinga bei amekuwa akiivunja kwa mlango wa nyuma. Anapokea malipo juu ya bei, tena anatoa chenji, ushahidi wa biashara usio na shaka. Mtu wa namna hiyo amekuja mahakamani na mikono michafu, na ombi lake litupwe kabla halijanuka.

Binti wa kaka alifumba macho. Bibi Maziwa ndipo alipoelewa alichofanya. Akaushika mdomo wake kwa mikono yote miwili, lakini maneno yalishatoka. Na Bibi Mashine aliketi akaiona mashine yake, na kikohozi chake, na mkanda wake mpya ambao hata haujalegea, vyote vimening'inia kwenye mkono wa kibuyu cha bati.

Jaji akamwita asimame. Akamuuliza, polepole, kama aliyapokea maziwa yale kama sehemu ya bei.

"Hapana, Mheshimiwa. Niliyapokea kama tusi."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Karani akagonga meza. Jaji hakucheka, lakini alihitaji kulishusha joho lake na kulipandisha tena. Akamwomba aeleze, na Bibi Mashine akaeleza yote: mtoto anayejificha nyuma ya magunia, majirani, paka, na jinsi alivyojua anaambiwa hawezi kumlisha mjukuu.

"Na mafuta je?"

"Chombo cha mkwe hakirudi kitupu, Mheshimiwa. Hata cha adui hakirudi kitupu. Nilikasirika, lakini sikukosa malezi."

Pale kizimbani, Bibi Maziwa akasahau yuko wapi.

"Tusi? Mimi nikutukane wewe?"

"Kibuyu kizima, mkwe? Kila ukija? Ulitaka nifikirie nini?"

"Mtoto ana mashavu kama maandazi, nani aseme hashibi? Si ungeniuliza."

"Wewe mbona hukusema?"

"Nitaisemaje bei mbele yako?"

Karani akagonga tena, wakaomba radhi, kwanza kwa jaji kisha wao kwa wao.

Jaji sasa akaligeukia benchi la kulia lote. Akauliza kama wapo wengine waliokuwa wakipata mashudu kwa bei ya serikali tupu, bila kitu juu yake. Wafugaji wakagundua kwamba viatu vyao vina mengi ya kutazamwa. Mzee mmoja mfuga kuku, ambaye jicho la jaji lilikwama kwake, alijikuna shingo.

"Mayai, Mheshimiwa. Lakini yalikuwa madogo."

Ndipo jaji alipomuuliza bwana mrefu swali moja tu: kabla ya kuitoa amri, wizara ilikwenda kumuuliza mkamuaji yeyote anavyolipwa? Au mfugaji yeyote atakavyoyapata? Bwana mrefu alipekua makaratasi, akapekua tena. Akasema walikaa wataalamu. Jaji akasema hilo halina ubaya, lakini yeye ameuliza kama kuna aliyekwenda. Hapakuwa na aliyekwenda.

Hukumu ilisomwa mavuno yakiwa yanakaribia. Jaji alisema serikali ina haki ya kupanga bei, na mahakama haiuzi mashudu wala haifugi ng'ombe, kwa hiyo haitaitaja bei yake. Lakini sheria inataka wanaoguswa waulizwe kwanza, na hawa hawakuulizwa. Wangeulizwa, wizara ingejua kwamba kile ilichokihesabu sifuri ndicho kinachoizungusha mashine. Amri akaibatilisha. Wizara ikitaka bei nyingine, iende ikaulize.

Kuhusu maziwa alisema machache. Kwamba mmoja alidhani analipa na mwingine alidhani anatukanwa, na palipo hivyo hapana mapatano ya bei.

"Mahakama imetafuta biashara hapo haikuiona," akasema. "Imewaona wakwe."

Nje, wakili alimtahadharisha shangazi yake asishangilie mno, kwamba wizara inaweza kurudi na amri nyingine. Bibi Mashine akasema waje tu. Wakija kuuliza watakuta chai.

Asubuhi iliyofuata mashine ikakohoa, ikatulia, ikakohoa tena. Wakulima walishaanza kuegesha baiskeli. Bibi Mashine alisimama mbele ya mlango wa banda na chaki mkononi, na cha ajabu, hakujua aandike nini. Bei ya zamani ilikuwa inamrukia vidoleni. Lakini alikuwa amewaona wale wafugaji kwenye benchi lao, na yule mzee wa mayai madogo, akajua nao hawakuwa wakicheza.

Bado amesimama hivyo, Bibi Maziwa akaingia na mkokoteni. Mikono mitupu. Mjukuu alichungulia kutoka nyuma ya magunia, akaona hakuna kibuyu, akatoka kwenda shule kwa mwendo wa mtu aliyeachiwa huru.

"Leo sijaleta maziwa," Bibi Maziwa akasema. "Nisije nikakutukana."

"Karibu kiti, mkwe."

"Sikai. Hiyo chaki iweke chini. Leo tubishane."

Bibi Mashine alitazama kulia na kushoto, kana kwamba marehemu wa pande zote mbili wangeweza kusikia. Kisha akaiweka chaki chini.

Walianza vibaya, kwa uzoefu mdogo. Muuzaji akataja bei ya chini kwa kuogopa kumuumiza mkwe, mnunuzi akataja ya juu kwa sababu hiyo hiyo, wakapishana njiani bila kusalimiana. Mkulima mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akawaambia kwa upole kwamba wanakwenda kinyume. Wakabadilishana. Baada ya hapo damu ikachemka. Mmoja akaleta bili ya umeme, mwingine akaleta bei ya dawa ya kupe. Mmoja akaapa kwamba hayo mashudu anayatoa bure kabisa, mwingine akajibu kwamba ng'ombe wake tangu jana wanasema wameyachoka. Chai ikapoa. Sauti zilipanda mpaka zikaishinda mashine, na majirani wakaja ukutani wakidhani kuna msiba, wakakuta wakwe wawili wanacheka machozi, mmoja ameshika gunia huku na mwingine kule.

Bei waliyoiafiki ilikuwa katikati, pasipompendeza yeyote sana. Bibi Mashine akaiandika mlangoni kwa herufi kubwa. Wakulima wakaisoma, wafugaji waliokuja baadaye wakaisoma, wakalipa wakiguna, na kazi ikaendelea.

Bibi Maziwa alipakia magunia yake. Alipofika kwenye lango akasimama, akakumbuka kitu.

"Na yale mafuta yangu?"

"Chombo hukuleta, mkwe."

Kesho yake mtoto aliporudi kutoka shule alikuja na kibuyu cha bati, alichopewa njiani na bibi wa pili. Alikishika mbali na mwili wake, kama kitu kinachoweza kuuma. Bibi Mashine akakipokea, akakitikisa, akakifungua. Kilikuwa kimeoshwa vizuri na kilikuwa kitupu, kitupu kabisa, jambo ambalo mkwe hamfanyii mkwe.

Akacheka peke yake kwa muda mrefu. Kisha akamimina alizeti ya shamba lake mdomoni mwa mashine, akakijaza mafuta hadi shingoni.